Watu Waliobebwa na Kitabu Chao

(Mazungumzo ya redio juu ya amani, yamechapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji)

Salamu kwenu akina mama na akina baba mliokimbia vijiji vyenu kwa sababu ya vita, ninyi mnaoishi kambini na ninyi mliopokelewa katika nyumba za ndugu na marafiki. Salamu kwenu waheshimiwa Bami, machifu wa vijiji, wakubwa wa mitaa, wachungaji, mapadri, masheki na wazee wenye hekima.

Leo, kwa ruhusa yenu, tutazungumza juu ya jambo la kale: namna watu wa Israeli, waliposhindwa vitani na kutawaliwa na wageni kwa karne nyingi, walivyoendelea kuwa jamii moja kwa nguvu ya maandiko yao. Pengine mama mmoja anauliza: «Mimi nimepoteza shamba, habari za Babeli zitanisaidia nini?» Swali hilo ni la haki. Nimechagua habari hii kwa sababu watu wale walikuwa wahamishwa. Walijua maana ya kuacha nyumba ikiwaka moto na kulala katika inchi ya wengine. Kisha, wajukuu wao waliporudi, walikuta watu wengine katika mashamba. Hapo maandiko yao yalitumiwa kwa njia mbili: kuponya jamii, na pia kufunga mlango mbele ya jirani. Nataka tuzitazame njia zote mbili.

Kabla ya kuendelea, niseme neno moja wazi. Sitasema kwamba kabila fulani la Kongo ndilo Israeli na kabila lingine ndilo Babeli. Mwenye kufanya hivyo anageuza Maandiko kuwa panga. Wala sizungumzi juu ya vita vya leo vya Mashariki ya Kati. Ninasema na Wakristo wanaosoma Agano la Kale, na Waislamu wanaoijua Taurati na Zaburi, na hata yule asiyesali popote. Mimi nilisoma sheria katika chuo kikuu, sikusomea upadri wala uchungaji. Kwa hiyo nitatazama mambo haya kwa macho ya mtu wa sheria.

1. Walipoteza nini?

Jamii ya Israeli ilikuwa imesimama juu ya nguzo tatu: mfalme wao, hekalu lao, na ardhi yao. Nguzo zote tatu zilianguka.

Kwanza ulianguka ufalme wa kaskazini. Mji wake mkubwa, Samaria, ulitekwa na jeshi la Ashuru karibu mwaka wa 722 kabla ya Kristo. Mfalme Sargoni wa Ashuru aliandika kwamba alichukua kutoka huko watu zaidi ya 27,000. Waashuru walitawanya watu waliowashinda na kuleta wengine mahali pao, ili pasiwe tena na jamii yenye kuweza kusimama pamoja. Wengi wa wale waliotawanywa walipotea katikati ya mataifa.

Kisha ikawa zamu ya kusini, ufalme wa Yuda. Mwaka wa 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza wa Babeli aliuteka Yerusalemu na kumchukua mfalme kijana Yehoyakini, pamoja na wakubwa, mafundi na askari. Karibu mwaka wa 586 alirudi, akabomoa kuta na kuchoma hekalu. Kitabu cha Yeremia kinatoa hesabu ya watu 4,600 waliochukuliwa kwa safari tatu. Wengine walikimbilia Misri. Wengine, hasa maskini, waliachwa katika inchi. Wababeli wakawapa mashamba na mizabibu ili walime. Mshike neno hilo vizuri, tutalirudia.

Wachimbaji wa mambo ya kale walipata huko Babeli vibao vya udongo vyenye orodha za mgao wa mafuta. Vilichapishwa na mtaalamu Mjerumani Ernst Weidner mwaka 1939. Kimoja cha mwaka wa 592 kabla ya Kristo kinataja jina la Yehoyakini, mfalme wa Yuda, na wana wake watano. Ninyi mnaosimama kwenye foleni mkingoja jina liitwe, mnaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Mfalme aliyekuwa na ikulu, sasa ni mstari mmoja katika orodha ya msaada.

Vibao vingine, zaidi ya 100 vilivyochapishwa mwaka 2014, vinataja kijiji kimoja cha Babeli kilichoitwa Mji wa Yuda. Huko wahamishwa na watoto wao walilima, walikopa, walilipa kodi na kuandikiana mikataba, tangu mwaka wa 572 hata mwaka wa 477 kabla ya Kristo. Hiyo ni karibu miaka mia moja. Nabii Yeremia alikuwa amewaandikia barua kuwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuutafutia amani mji ule walimohamishiwa, kwa kuwa amani ya mji huo ndiyo ingekuwa amani yao. Walitii. Lakini walitii namna gani bila kuyeyuka kama chumvi katika maji?

2. Sheria isiyo mali ya mfalme

Hapa ndipo mtu wa sheria anasimama na kustaajabu. Katika inchi zile za zamani, sheria ilitoka kwa mfalme. Karibu mwaka wa 1750 kabla ya Kristo, mfalme Hammurabi wa Babeli alichonga sheria zake juu ya jiwe refu jeusi, na juu yake akajionyesha akisimama mbele ya mungu wake. Karne kadhaa baadaye adui walilibeba jiwe lile kama mateka hadi mji wa Susa, ambako Wafaransa walilichimbua mwaka 1901. Waandishi waliendelea kuzinakili sheria zile. Lakini ufalme wa Babeli ulipokwisha, hapakuwa tena na watu waliosema: «Sheria hii ndiyo inayotufanya kuwa sisi.»

Katika maandiko ya Israeli, sheria si ya mfalme. Inatolewa jangwani, kabla hakujawa na mfalme wala mji wala shamba. Inatolewa kwa watu wote waliosimama chini ya mlima. Zaidi ya hayo, Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, inaamuru kwamba mfalme mwenyewe ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yake, ili moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Mfalme yuko chini ya kitabu.

Sasa, wasikilizaji wapenzi, fikirini matokeo yake. Kama sheria ni ya ikulu, ikulu ikiungua, sheria imeungua. Kama sheria ni ya watu, watu wakitembea, sheria inatembea nao. Wataalamu wengi wanaona kwamba ni huko uhamishoni, na katika miaka ya utawala wa Waajemi iliyofuata, ndipo sehemu kubwa ya maandiko haya ilikusanywa na kupangwa. Nyimbo za zamani, sheria, habari za mababu na maneno ya manabii viliwekwa pamoja kwa sababu watu waliogopa kuvipoteza.

Tazameni pia ni desturi gani zilizotiliwa nguvu wakati ule. Sabato haihitaji hekalu. Inahitaji siku ya saba tu, na siku ya saba inafika hata katika inchi ya adui. Tohara haihitaji mfalme. Pasaka inaliwa nyumbani, na mtoto anauliza, mzazi anajibu. Hayo ni mambo ambayo mama na baba wanaweza kuyashika chini ya paa lolote, hata chini ya turubai. Jamaa ikawa shule.

3. Kumbukumbu inayojihukumu

Jambo la pili ni hili. Watu walioshindwa wana jaribu kubwa: kuandika makosa ya adui peke yake. Nasema ni jaribu, maana adui ametenda kweli, na mabaya yake lazima yasemwe. Maandiko ya Israeli yanayasema. Kitabu cha Maombolezo kinalia juu ya njaa, watoto waliokufa na wanawake waliotendewa jeuri. Zaburi ya 137, wimbo wa wale waliolia kando ya mito ya Babeli, unaishia kwa laana ya kutisha sana, hata watu wengi hawapendi kuisoma kanisani. Hasira ile haikufichwa. Iliwekwa mbele ya Mungu kama kilio. Anayeichukua na kuifanya amri ya kwenda kuua, ameisoma vibaya.

Lakini pembeni ya kilio hicho, kuna vitabu vya Wafalme. Humo waandishi waliuliza swali gumu: «Na sisi wenyewe tulikosea wapi?» Wakaandika mabaya ya wafalme wao wenyewe, mmoja mmoja, kwa jina. Waliandika habari za Nabothi, raia aliyekataa kuuza shamba lake la mizabibu kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Mfalme Ahabu alilitamani. Mke wake Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, wazee wa mji wakakubali, mashahidi wawili wa uongo wakaletwa, Nabothi akapigwa mawe, shamba likachukuliwa. Hakuna Mbabeli katika habari hiyo, wala Mwashuru. Ni mfalme wao, wazee wao, baraza lao.

Je, kuna jamii ngapi zinazothubutu kuhifadhi habari kama hiyo juu ya wakubwa wake, na kuwafundisha watoto? Kumbukumbu ya namna hiyo inamzuia mtu kusema: «Kila ubaya ulitoka nje, sisi tuko safi.» Jamii yenye kusema hivyo haiwezi kutengeneza kitu, kwa sababu haina kitu cha kutengeneza.

4. Kusoma mbele ya wote

Mwaka wa 539 kabla ya Kristo, Koreshi wa Uajemi aliingia Babeli. Aliwaruhusu Wayuda kurudi na kujenga hekalu lao. Likamalizika karibu mwaka wa 515. Lakini msidhani ulikuwa uhuru. Hapakuwa na mfalme tena. Yuda ilikuwa jimbo dogo katika ufalme mkubwa wa Waajemi, lenye gavana na kodi. Na lugha ya serikali ilikuwa Kiaramu.

Katika hali hiyo, karibu mwaka wa 445 kabla ya Kristo, ulifanyika mkutano unaosimuliwa katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8. Watu walikusanyika katika uwanja mbele ya Lango la Maji. Msisahau kwamba hawakukusanyika ndani ya hekalu. Walikuwapo wanaume na wanawake na wote walioweza kuelewa. Kuhani Ezra alisimama juu ya jukwaa la mbao, akasoma sheria tangu mapambazuko hata adhuhuri. Walawi walipita kati ya watu wakieleza maana, ili kila mmoja afahamu. Watu wakalia. Wakaambiwa wasilie, bali waende kula, na kuwapelekea sehemu ya chakula wale wasio na kitu.

Kwangu mimi hiyo ni siku kubwa. Sheria ilitoka katika mikono ya wachache ikasomwa uwanjani, ikaelezwa, na wanawake wakiwapo. Tangu siku hiyo mtu wa kawaida aliweza kumwambia mkubwa wake: «Mbona imeandikwa hivi, nawe unatenda vile?»

Nehemia, sura ya 5, inatuonyesha jambo hilo likitendeka. Watu, pamoja na wake zao, walipiga kelele juu ya ndugu zao wenyewe. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa fedha ya kulipa kodi ya mfalme wa Uajemi. Watoto wao walikuwa wameanza kuwa watumwa. Sheria ilikataza kumtoza riba ndugu maskini. Nehemia aliita mkutano mkubwa, akawashtaki matajiri mbele ya watu wote, nao wakaahidi kurudisha mashamba, mizabibu, nyumba na riba. Wakaapishwa. Naye gavana mwenyewe alikuwa amekataa kula posho yake kwa muda wa miaka 12, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Mkubwa anayetaka sheria ifuatwe, aanze na sahani yake.

5. Mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa

Sasa tunafika mahali pagumu. Mnakumbuka wale maskini walioachwa katika inchi na kupewa mashamba. Nabii Ezekieli, aliyekuwa uhamishoni, anataja maneno yao: walisema kwamba waliohamishwa wamekwenda mbali, na sasa inchi ni mali ya wale waliobaki. Upande wa wahamishwa, wengine waliwadharau waliobaki. Yeremia aliona katika maono vikapu viwili vya tini: waliohamishwa walikuwa tini nzuri, waliobaki Yerusalemu na mfalme wao mpya walikuwa tini mbovu. Kila upande ulikuwa na neno la kushika mkononi.

Kitabu cha Ezra kinahesabu watu 42,360 waliorudi. Walikuja na orodha za majina na koo. Wasioweza kuonyesha ukoo wao walitiliwa mashaka. Watu waliokuwa katika inchi walisema: «Tujenge hekalu pamoja nanyi.» Wakakataliwa. Nao wakaipinga kazi, ikasimama. Baadaye Ezra na wazee waliamua kwamba wanaume waliooa wanawake wa mataifa mengine waachane nao, pamoja na watoto waliozaliwa nao. Waliogopa kumezwa. Nehemia aliona watoto wasiojua tena kusema lugha ya Yuda, akakasirika. Hofu ile tunaielewa. Lakini machozi ya wanawake wale na watoto wao hayakuandikwa.

Hata hivyo, ndani ya kitabu kilekile kikubwa, kuna sauti nyingine. Kuna kitabu cha Ruthu, mwanamke wa Moabu, kabila lililochukiwa. Anamfuata mama mkwe wake, anaokota masazo shambani, anaolewa, na mwisho tunaambiwa kwamba ndiye nyanya aliyemzaa babu ya mfalme Daudi. Kuna kitabu cha Yona, kinachomcheka nabii aliyekasirika kwa kuwa Mungu aliwahurumia watu wa Ninawi, mji wa adui. Kuna Isaya, sura ya 56, inayosema mgeni asiogope kutengwa. Na yule Ezekieli mwenyewe, katika sura ya 47, anapopanga namna ya kugawa ardhi baada ya kurudi, anaamuru kwamba wageni waliokaa kati yao na kuzaa watoto wapewe urithi pamoja na wenyeji. Sheria ya Walawi, sura ya 19, inatoa sababu: mpende mgeni, maana ninyi pia mlikuwa wageni katika inchi ya Misri.

Waliokusanya maandiko hawakuzitupa sauti hizo. Waliziweka pamoja, Ezra na Ruthu katika mkusanyo mmoja, zikibishana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nguvu kubwa ya kitabu kile. Jamii haikuhitaji kuwa na neno moja tu ili iwe moja. Ilihitaji mahali pa kubishana bila kuuana.

Sauti ya mlango uliofunguliwa haikusikiwa siku zote. Mwaka wa 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko wa Wagiriki alikataza sheria ya Wayahudi. Vitabu vilichanwa na kuchomwa, mwenye kukutwa na kitabu aliuawa. Hata mtawala yule alielewa kwamba nguvu ya watu wale haikuwa katika kuta. Wayahudi waliasi, na mwaka wa 164 wakalitakasa hekalu lao. Lakini wajukuu wa waasi hao walipokuwa watawala, mmoja wao, Yohane Hirkano, aliwalazimisha watu wa Edomu kutahiriwa kwa nguvu, na karibu mwaka wa 110 kabla ya Kristo akabomoa hekalu la Wasamaria katika mlima Gerizimu. Wasamaria hao walikuwa wakisoma vitabu vilevile vitano vya Musa. Waliolazimishwa jana, leo wanalazimisha. Hiyo ndiyo hatari ya kila jamii iliyoteswa, wasikilizaji wapenzi, wala hakuna kabila lililo salama nayo.

6. Nyumba ya kusomea

Warumi waliingia mwaka wa 63 kabla ya Kristo, na mwaka wa 70 baada ya Kristo waliliangusha hekalu la pili. Halikujengwa tena. Lakini safari hii watu walikuwa tayari. Kila mahali walipokaa walikuwa na sinagogi, nyumba ya kukutania na kusomea sheria. Katika Yerusalemu lilichimbuliwa jiwe lenye maandishi ya Kigiriki, la wakati kabla ya maangamizi hayo. Linasema kwamba mtu aitwaye Theodotos alijenga sinagogi kwa ajili ya kusoma sheria na kufundisha amri, pamoja na vyumba vya kulala na maji kwa wageni wanaotoka mbali. Mnaona: kitabu na kitanda cha mgeni chini ya paa moja.

Baada ya mwaka wa 70, walimu walikusanyika katika mji mdogo wa Yabne, wakafundisha. Karibu mwaka wa 200 mafundisho na mabishano yao yaliwekwa katika kitabu kiitwacho Mishna. Humo walihifadhi hata maoni ya mwalimu aliyeshindwa katika mabishano. Ufalme wa Ashuru, wa Babeli, wa Uajemi, wa Antioko na wa Roma, yote imepita. Watu wa kitabu wapo.

7. Na sisi?

Sasa turudi kwetu. Hatuwezi kuiga mambo ya watu wengine kama mtu anayevaa koti la jirani. Lakini naona mambo manne ya kufanya.

La kwanza: andikeni. Akina baba na akina mama mnaokumbuka mipaka ya mashamba, majina ya mito, majina ya waliokufa, nani alikuwa jirani ya nani, andikeni katika daftari, au mwambieni kijana aliyesoma aandike. Wekeni saini mbele ya mashahidi. Zaidi ya yote, shahidi awe pia mtu wa kabila la jirani.

La pili: andikeni ukweli wote. Katika daftari hilo kuwe na ukurasa wa mabaya tuliyotendewa, na ukurasa wa mabaya waliyotenda watoto wetu. Kuwe pia na ukurasa wa jirani wa kabila lingine aliyemficha mtu wetu chini ya kitanda. Mtoto anayefundishwa ukurasa mmoja tu, mnamwandaa kwa vita vinavyokuja.

La tatu: someni sheria mbele ya wote, katika lugha inayoeleweka. Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inasema kwamba hakuna Mkongomani anayeweza kulazimishwa kuishi nje ya makao yake ya kawaida. Haki yenu ya kurudi si zawadi ya mtu. Tena kifungu cha 142 kinaiagiza serikali kutangaza sheria kwa Kifaransa na katika lugha zetu nne za taifa, ndani ya siku 60. Kiswahili ni moja ya hizo. Basi wachungaji, masheki, walimu na wakubwa wa mitaa, fanyeni kama Walawi wale: simameni kati ya watu, mweleze maana, na akina mama wawepo.

La nne, na ndilo gumu kuliko yote: jitayarisheni sasa kwa siku ya kurudi. Utamkuta mtu katika shamba lako. Pengine ni mnyang'anyi, na kuna tribinali kwa ajili yake. Lakini pengine ni maskini aliyekimbia kutoka mahali pengine, aliyeambiwa na mkubwa fulani alime hapo. Haki yako haifutwi na umaskini wake, wala njaa ya watoto wake haifutwi na hati yako. Bami na wazee, nawaomba msingoje siku hiyo ndipo mtafute maneno. Kaeni katika baraza mapema, na pande zote mbili, na yule mwenye shamba, na yule anayelilima. Ukoo hautoshi kuwa jibu la kila swali. Ezra alikuwa na orodha ya koo mkononi. Ezekieli aliona katika maono kamba ya kupimia, na katika mgao wake mgeni pia alipewa sehemu.

Wasikilizaji wapenzi, hakuna mtu anayechagua kukimbia. Lakini tunayoyafundisha tukiwa mbali na nyumbani, hayo tunayachagua sisi. Watoto wanasikiliza usiku tunapozungumza. Maneno hayo watarudi nayo kijijini, kabla hata ya jembe.

Amani iwe nanyi.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Ni desturi gani za jamii yetu ambazo jamaa inaweza kuzishika hata kambini, bila kumdharau jirani?

2. Ni habari gani juu ya makosa ya watu wetu wenyewe ambazo hatujawaambia watoto? Kwa nini?

3. Siku ya kurudi, tukimkuta maskini katika shamba, tutamwita mbele ya nani kwanza? Nani atamsemea yeye?

4. Wakubwa wa mtaa au wa kijiji chetu wanasoma sheria gani mbele ya watu? Je, akina mama na vijana wanakuwapo?